Mkonga wa Karavani Unahitaji Chumba Chake

Mpira wetu wa kumwagia choo cha karavani, ile nyumba ndogo ya kukokotwa na gari, ulianguka Kibarani, Mombasa, Jumapili jioni tukirudi kutoka Voi, na hakuna aliyesikia kitu. Aliyetuzindua ni dereva wa tuktuk. Alitufukuza mpaka Makupa huku anapiga honi na kupunga mkono, mume wangu akidhani anataka njia tu, na alipotufikia ubavuni akaniambia kwa adabu zote: "Mama, mkonga wa ndovu wenu umebaki kule nyuma."

Kugeuza karavani Makupa saa kumi na mbili jioni ni balaa la kujitafutia. Mume wangu alishuka akarudi kwa bodaboda. Alipotokea tena alikuwa ameushika mpira kwa ncha za vidole, mkono ameunyoosha mbali na mwili, na kijana wa bodaboda amekunja uso. Nauli ya kurudi ikawa mara mbili ya nauli ya kwenda. Sikumlaumu. Na Kibarani yenyewe, kwa asiyejua, ndipo palipokuwa jaa la taka la mji kabla hapajageuzwa mahali pa kupumzikia. Ungedhani mpira ulijua kwao.

Tangu siku hiyo nyumbani unaitwa mkonga. Mji una pembe zake pale Moi Avenue, sisi tuna mkonga wetu.

Watu wanaotaka kununua karavani huniuliza kuhusu friji, sola na godoro. Sijapata aliyeuliza mpira wa choo utalala wapi. Na mimi sikuuliza wakati wangu.

Yetu ni ndogo, futi 16, ya Kimarekani, tuliinunua kwa familia iliyokuwa ikihama Kikambala. Nasema ya Kimarekani kwa sababu karavani nyingi za Uingereza zina choo chenye kisanduku, unakichomoa na kukibeba kwa mkono hadi chooni. Kama yako ni hiyo, umeepuka mengi ya humu. Hizi za Kimarekani choo kina tangi lake chini ya sakafu, sinki na bafu tangi jingine, na yote mawili yanatokea kwenye bomba moja la inchi 3 ubavuni, kila tangi na vali yake. Hapo ndipo unapochomeka mkonga. Wetu una futi 10 ukivutwa. Ukikandamizwa kama kodiani ya taarabu unabaki mita moja na kidogo.

Waliotengeneza karavani walikusudia mpira ukae ndani ya bampa ya nyuma, ambayo ni chuma cha mraba cha inchi 4 kilicho wazi ndani, na kifuniko cha plastiki kila upande. Wazo si baya kwa anayeishi bara. Huku kwetu upepo wenyewe una chumvi, na chuma chembamba kisichopakwa rangi ndani huoza kuanzia ndani, nje unaona kizima. Kutu ilikuwa imeota meno. Kila tukiuchomoa mpira unakwaruzwa, mpaka ukaota vitundu kama vya sindano, tukavigundua siku ya kumwaga. Sitaeleza zaidi. Kisha kifuniko kimoja kikalegea kwa mitikisiko ya matuta, na hiyo ndiyo Kibarani.

Baada ya hapo tukaanza njia za mkato. Kwanza ndoo kubwa yenye kifuniko, chini ya kitanda cha watoto. Ilidumu safari mbili. Joto la Februari linapika kila kitu kilichofungiwa, na harufu haijui kifuniko. Kisha tukauhamishia kwenye kabati dogo la nje, ule mpira mpya tuliokwisha nunua, ukalala pamoja na mpira wa kujazia maji ya kunywa. Nilijiambia niliusuuza vizuri. Siku moja tuko Watamu, mama mkwe akafungua kabati lile kutafuta kamba ya kuanikia leso. Akaiona mipira miwili imekumbatiana. Hakupiga kelele. Alifunga kabati, akarudi kukaa, akasema, "Mwanangu, chai yenu leo mimi sinywi."

Alikuwa na haki. Kipindupindu na homa ya matumbo hupita njia hiyo hiyo, kutoka chooni hadi kwenye maji ya kunywa, na matone machache kwenye mdomo wa mpira yanaweza kutosha. Mpira wa choo usikae chumba kimoja na mpira wa maji safi, wala na vyombo, wala na makaa ya kuchomea samaki. Ukae nje, peke yake.

Nikamwita fundi bomba wetu wa Kongowea. Nilitaka paipu ya plastiki ifungwe chini ya karavani, mpira uingie ndani yake kama upanga alani. Fundi akautazama mpira, akasema inchi 3, basi paipu ya inchi 4 inatosha na kubaki. Akaja na kipande cha paipu ya kijivu ya milimita 110. Mwili wa mpira uliingia kama mguu kwenye soksi. Kichwa kikagoma.

Hapa ndipo wengi wanapopoteza pesa. Mpira ni wa inchi 3, ndiyo, lakini ncha yake ina kile kifungio cha kuzungusha, chenye masikio ya kung'ang'ania bomba la karavani. Nilipokipima changu kutoka sikio hadi sikio kilikuwa sentimita 12. Ndani ya paipu ya milimita 110 kuna sentimita 10 na ushei tu. Fundi akapendekeza tukate masikio kwa grinda. Nilimwomba aiweke grinda chini. Pima kichwa, pima na kiwiko, kile kipande cha bomba kilichopinda, kama unataka nacho kiingie, ndipo uende dukani. Kwetu ilibidi paipu ya milimita 160, ile wauza hadiwea huiita ya inchi 6.

Inauzwa nzima, mita 6, na mimi nilitaka mita 1 na nusu. Zunguka kwenye majengo yanayoendelea, uliza vipande vilivyobaki. Chetu kilitoka kwenye nyumba inayojengwa Utange, msimamizi alifurahi kukiondoa njiani. Usikate kwa urefu sawasawa na mpira. Mpira uliokandamizwa una springi ya tabia, ukiuachia unajinyoosha, na utashindana nao kila ukifunga kifuniko. Sentimita 30 za ziada zinatosha, na hapo hapo unapata pa kuweka glovu.

Sasa mahali pa kuifunga. Mara ya kwanza tuliifunga nyuma, chini ya bampa, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi na ndipo mkono unapofika kwa urahisi. Ikapendeza. Wiki mbili baadaye tukaenda Diani kupitia Likoni, na siku hiyo ilikuwa bamvua, maji yamekupwa kabisa. Anayejua kivuko anajua maana yake: mteremko wa kuingilia feri unakuwa kama paa la nyumba. Gari likaingia, magurudumu ya karavani yakaanza kupanda mlango wa feri, na mkia wake ukashuka kugusa saruji. Kraa! Abiria wote wa miguu wakageuka. Kifuniko kikapasuka vipande vitatu, na mpira ukachungulia nje kama unaulizia nauli.

Siku hizi unaweza kupita barabara ya Dongo Kundu ukaepuka feri, lakini mteremko wa aina ile uko kila mahali: mlango wa kituo cha mafuta, mto mkavu, ngazi ya kuingilia hoteli. Karavani ndogo ina mkia mrefu nyuma ya magurudumu, na mkia ndio unaogusa kwanza. Karibu na ekseli ndipo mahali tulivu, kwa sababu pale sakafu haiwezi kushuka kuliko magurudumu yenyewe yanavyoruhusu. Basi tukaihamishia mbele kidogo ya ekseli, imelala kukingama, mdomo wake ukitazama upande ule ule wenye vali. Kipimo changu ni kimoja: tumbo la paipu lisishuke chini ya ekseli. Letu limebaki juu kwa vidole viwili. Hakikisha pia tairi haigusi paipu pale springi zinapokandamizwa, yaani ipime karavani ikiwa imejaa maji na mizigo, si ikiwa tupu uani.

Fundi wa kuchomelea alikuja na mashine yake tayari. Nikakataa, tukabishana. Yeye anasema bolti hulegea. Mimi naona juu ya chasisi kuna mbao na sponji ya kuzuia joto, na pembeni yake zinapita nyaya na bomba la gesi. Cheche moja na hadithi imekwisha. Isitoshe, sikutaka mtu atoboe reli za chasisi, maana tundu pasipo mahali pake ndipo ufa huanzia. Tukatumia yu-bolti zinazoikumbatia reli, zikashika chuma cha engo kutoka reli hadi reli, na paipu ikaning'inia kwenye engo hilo kwa klipu tatu. Engo lilipakwa redoksaidi ya kuzuia kutu kwanza, halafu rangi nyeusi mara mbili. Bolti nilinunua za stenlesi. Ni ghali, najua. Za kawaida zinafunguka mwaka wa kwanza, mwaka wa pili zinahitaji grinda. Kati ya klipu na paipu tulitia vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli, ili chuma kisiile plastiki kwa mtikisiko, na fundi wa bolti akaniahidi atakuja kuzikaza baada ya safari ya kwanza. Hakuja. Nilizikaza mwenyewe kwa spana, na zile za upande wa kushoto kweli zilikuwa zimelegea, kwa hiyo yule wa kuchomelea nampa nusu ya haki yake.

Upande mmoja wa paipu umezibwa kwa kifuniko cha gundi. Piga msasa, futa vumbi, paka gundi ya PVC pande zote mbili, sukuma na kuzungusha kidogo, uache. Upande wa mdomo tuliweka kile kifuniko cha kuzungusha kinachotumika kwenye mabomba ya maji taka ili kuweza kuzibua. Kifunge kwa mnyororo mwembamba hata kama kinakaza vizuri. Cha kwanza kilijifungua chenyewe njia ya Kaloleni, na kama si mnyororo kingekuwa ungo wa kuku wa mtu.

Nilidhani hapo kazi imekwisha. Baada ya mwezi nilifungua, nikapokewa na mbu. Mpira haukauki kamwe ndani ya paipu iliyozibwa, maji yanabaki kwenye mikunjo, na mbu wanaoleta dengi na chikungunya hawataki ziwa, kizibo cha soda kinawatosha. Sisi tulioipata chikungunya mwaka 2018 hatuhitaji kukumbushwa. Jina lenyewe ni la Kimakonde, la mtu aliyepindishwa na maumivu, na mimi nilipindika wiki tatu, kushuka ngazi nashika ukuta kama bibi harusi.

Kwa hiyo tuliilegeza klipu moja, paipu ikainama sentimita 2 upande wa mdomo. Pale chini tukatoboa matundu manne kwa drili ya milimita 8, na mengine mawili juu upande wa pili ili hewa ipite. Juu ya kila tundu kuna kipande cha wavu wa mbu wa dirishani, kimebandikwa kwa gundi ile ile. Wavu usiuruke. Tundu tupu ni nyumba ya nyigu wa udongo, na wakishaliziba hewa haipiti tena. Mjusi wetu aliingia kabla ya wavu, akakaa humo mpaka Malindi na kurudi.

Matumizi ni mepesi. Glovu kwanza. Chomeka, fungua vali ya choo, ikiisha fungua ya sinki na bafu, maji ya sabuni yanausafisha mpira yenyewe. Usigeuze mpangilio huo. Kisha suuza kwa maji safi ya ndoo, unyanyue mpira kutoka upande wa karavani ukitembea nao hadi mwisho, maji yote yatoke. Jiki mimi natia mara moja moja, iliyochanganywa na maji mengi, na kamwe si pamoja na dawa nyingine ya choo. Tunamwaga kwenye shimo letu la choo nyumbani, si mtaroni. Mitaro ya mji huu inaishia baharini, na samaki wa Tudor tunawala sisi wenyewe. Dawa za tangi zenye fomalini nimeacha kununua, zinaua vijidudu vinavyofanya shimo lifanye kazi.

Mwezi uliopita tulivuka Likoni tena, maji yamekupwa. Nilishuka nikatembea kando ya karavani nikitazama chini. Hakuna kilichogusa. Binti yangu amekiandika kifuniko kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, bila kuniuliza: MKONGA. TUMIA MKONO WA KUSHOTO.