Fundi wa Kiyoyozi Mzuri Utamjua kwa Vipimo Vyake

Fundi akiingia sebuleni, akatupa jicho ukutani na kusema "hapa weka BTU 18,000", yaani kipimo cha nguvu ya kupooza, amekisia tu. Huenda ana leseni halali mfukoni, na bado amekisia. Leseni inakwambia nani aruhusiwe kugusa mtambo wako. Haikwambii ataugusa vipi. Kwa hiyo kagua vyote viwili, ukianza na karatasi kwa sababu ndizo rahisi.

Omba namba ya leseni, kisha iulizie mwenyewe kwa mamlaka iliyoitoa. Picha kwenye simu yake haitoshi. Jina la kwenye leseni lifanane na la kwenye makisio ya bei, muda wake uwe haujaisha, na aina ya leseni ihusu kazi yenyewe. Leseni ya umeme peke yake haimruhusu mtu kushika gesi ya kupoozea. Nchi nyingi zinadai cheti tofauti kwa hilo. Bima nayo iwe ya aina mbili: ya uharibifu wa mali yako na ya wafanyakazi wake kuumia. Hii ya pili watu huisahau, mpaka kijana ateleze kwenye paa lao.

Kama kazi inahitaji kibali cha ujenzi, akiombe mkandarasi kwa jina lake. Akikusihi ukakiombe wewe, muulize kwa nini, maana mwenye jina kwenye kibali ndiye atakayejibu mkaguzi akikataa kazi. Hapo ndipo fundi wa karibu anapokuwa na faida: anazijua taratibu za eneo, na dhamana yake ina maana kwa sababu anaweza kurudi siku hiyohiyo.

Sasa vipimo. Tani moja ya upoozaji ni BTU 12,000 kwa saa, kama kilowati 3.5. Ili kujua chumba kinahitaji ngapi, lazima fundi atoe futi kamba: urefu, upana, kimo cha dari, ukubwa wa madirisha na yanatazama upande gani, paa lina kizuia joto au halina, watu wangapi hukaa humo. Asikubali tu ukubwa wa mashine ya zamani. Huenda nayo ilikisiwa.

Wengi hudhani kubwa ni bora. Kiyoyozi kilichozidi kinashusha joto upesi na kuzima kabla hakijaondoa unyevu, basi chumba kinakuwa baridi lakini kizito, kuta zinapata ukungu, na kompresa, pampu inayosukuma gesi, inawaka na kuzima mfululizo mpaka inachakaa. Kidogo mno nacho hakipumziki. Mitambo ya kupasha joto ina ugonjwa huohuo.

Chukua makisio ya maandishi kutoka kwa watu watatu. Kila moja litaje modeli ya kifaa cha ndani na cha nje, mita za bomba la shaba, kazi ya umeme pamoja na waya wa ethi, nani atanyonya gesi ya mashine ya zamani badala ya kuiachia hewani, na dhamana ya vipuri na ya ufundi, kila moja peke yake. Makisio ya mstari mmoja yenye jumla tu hayalinganishiki na chochote.

Siku ya kufunga, kaa karibu. Bomba zikishaunganishwa, zijazwe naitrojeni kavu kwa shinikizo linalotajwa na mtengenezaji, na viungo vipakwe povu la sabuni ili mvujo uonekane. Oksijeni haitumiki kamwe. Ikikutana na mafuta ya kompresa inaweza kulipuka. Kisha inakuja pampu ya vakyumu, inayonyonya hewa na unyevu kutoka bombani, na hapa ndipo mafundi wenye haraka hudanganya. Wengine hufungua vali ya kifaa cha nje na kuipuliza hewa itoke kwa gesi iliyojazwa kiwandani. Dakika moja, kazi imekwisha! Lakini unyevu umebaki ndani. Utachanganyika na mafuta na kutengeneza asidi, nayo itakula nyaya za kompresa taratibu, pengine mpaka dhamana ya ufundi ipite.

Vakyumu ya kweli hushuka chini ya maikroni 500 (kipimo cha shinikizo dogo sana), na inasomwa kwa geji yake maalumu. Zile geji mbili za buluu na nyekundu hazioni namba ndogo hivyo. Pampu ikizimwa, msubiri kama dakika 10. Namba ikipanda kidogo tu si neno; ikipanda sana kisha ikatulia, huenda kuna unyevu. Ikiendelea kupanda bila kukoma, kuna tundu.

Gesi ya ziada, kama bomba ni refu kuliko lile lililokadiriwa kiwandani, hupimwa kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. "Nitasikiliza kwa mkono" si kipimo. Na ukiambiwa kila mwaka kwamba gesi imepungua, jua kwamba gesi haiishi kama mafuta ya gari: inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Ikipungua, inavuja, na anayejaza bila kutafuta mvujo anakuuzia kitu kilekile mara mbili.

Bomba la kutolea maji ya kiyoyozi liwe na mteremko wa angalau sentimita 1 kwa kila mita. Mimina lita moja ya maji kwenye trei uone yanatoka wapi. Dari nyingi hulowa kwa kosa hili dogo.

Kama ni hita ya gesi au mafuta, fundi aje na kipima moshi na kusoma kabonimonoksaidi, gesi yenye sumu, kwenye bomba la kutolea moshi. Asiyekuwa nacho, mrudishe. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, hivyo king'ora chake kiwepo karibu na vyumba vya kulala.

Sehemu ya mwisho ya malipo ibaki kwako mpaka mkaguzi apitishe kazi na mashine ikimbie angalau dakika 15. Pima hewa inayoingia na inayotoka kwenye kifaa cha ndani: kwa kawaida tofauti ni nyuzi 8 hadi 12 za Selsiasi, pungufu kidogo penye unyevu mwingi. Mwambie fundi aandike namba hizo, gramu za gesi alizoongeza na tarehe, kwa kalamu isiyofutika, ndani ya mfuniko wa kifaa cha nje. Atakayekuja kukihudumia baadaye ataanzia hapo.