Risiti ya Ami Yangu: Maneno ya Mtandao kwa Anayeanza Biashara Lamu

Risiti aliyonionyesha ami yangu ilikuwa na neno moja tu, "tovuti", na chini yake Sh 18,000. Alikuwa amemlipa kijana mmoja aliyemtengenezea kurasa za nyumba yake ya wageni kule Shela, akaambiwa kila kitu kimo humo. Mwaka ukazunguka. Mwezi wa Mei, kusi imeshika, bahari imechafuka na nyumba haina mgeni hata mmoja, tovuti ikazimika wala hakuna aliyetambua. Tuliposhtuka ilikuwa Septemba, wageni wa msimu wameanza kuulizia vyumba. Kijana alikuwa amehamia mji mwingine na simu yake haipatikani. Jina la nyumba lilikuwa limeshachukuliwa na mtu tusiyemjua, na kila aliyelifungua alikutana na matangazo ya kamari. Ami yangu ni mtu wa msikitini. Hilo la kamari lilimuuma kuliko hasara ya fedha.

Nilikuwa mwaka wangu wa pili katika kazi hii ya kuwasaidia watu kuweka biashara zao mtandaoni. Ile risiti nilikuwa nimeiona mapema na sikuuliza kitu, na mpaka leo najuta. Ndiyo maana kila anayekuja kwangu kutaka kuanza, awe mshona kofia wa Langoni, fundi wa viatu vya ngozi kutoka Siyu au nahodha anayepeleka wageni Manda, simfundishi kompyuta kwanza. Namfundisha maneno. Kwa sababu katika neno "tovuti" la ile risiti mlikuwa na vitu vitatu, kila kimoja na mwenyewe, na ami alikuwa amelipia vyote bila kumiliki hata kimoja.

Cha kwanza ni jina, yaani domeni. Vitabuni utalikuta pia kama jina la kikoa. Kompyuta zinaitana kwa namba, ndizo anwani za IP, na jina limewekwa juu ya namba kwa ajili yetu sisi wanadamu. Ukiliandika kwenye kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa, mfumo unaoitwa DNS ndio unaoulizwa: huyu yuko namba gani? Sisi watu wa Amu, yaani Lamu, hili halitupi taabu kulielewa. Mgeni akishuka gatini hatafuti namba ya mlango. Anataja jina la nyumba, na mtoto anayejua vichochoro anamfikisha. Mwenye nyumba akihama na jina lake, mtoto atampeleka mgeni kule alikohamia. Kwa hiyo ukiwa na jina, unaweza kupoteza vyote vingine na ukavijenga tena. Ukipoteza jina, wageni wako wanapelekwa kwa mtu mwingine.

Kila mtu husema "nimenunua domeni", na neno hilo linadanganya. Domeni inasajiliwa kwa muda, mwaka mmoja au zaidi, kisha inahuishwa kwa kulipia tena. Majina yanayoishia .ke yanasimamiwa na shirika la KeNIC, nawe unayapata kupitia kwa wasajili, yaani kampuni zilizoidhinishwa kuyasajili. Biashara huchukua .co.ke, mashirika yasiyo ya faida .or.ke, vyuo .ac.ke, shule .sc.ke, na .go.ke imewekewa serikali. Jina la .com likiisha muda, msajili anaweza kukuvumilia siku kadhaa. Baada ya hapo kuna siku 30 za kulikomboa kwa malipo makubwa kuliko ada ya kawaida, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa, halafu linaachwa kwa yeyote anayelitaka. Wako watu ambao kazi yao ni kuyavizia majina ya namna hiyo, maana tayari yanajulikana na yana wageni wake.

Sasa sikiliza hili vizuri. Msajili anamtambua yule ambaye akaunti ina jina lake na barua pepe yake. Hamtambui aliyetoa pesa. Kijana wa ami alisajili jina kwa akaunti yake mwenyewe, kwa barua pepe yake, na onyo la kuisha muda lilitumwa kwake. Sidhani alikusudia ubaya. Ndivyo wengi wanavyofanya ili kazi iishe haraka. Lakini wewe usikubali. Fungua akaunti mwenyewe, kwa barua pepe yako na namba yako ya simu, umpe fundi ruhusa ya kufanya kazi, na neno la siri libaki kwako. Na barua pepe hiyo isiwe ya domeni hiyohiyo, maana jina likizimika na barua pepe inazimika nalo, na onyo halitakufikia. Kuna hatari nyingine ambayo watu hawaifikirii: anayelichukua jina lako anaweza kupokea barua zote zinazotumwa kwenye jina hilo. Akiomba kubadilisha neno la siri la akaunti yako nyingine, kiungo cha kubadilishia kinamwendea yeye.

Halafu, tarehe. Usisajili jina mwezi wa Aprili au Mei kwa mwaka mmoja mmoja. Kila mwaka deni litakukuta katika masika, wakati huna mgeni wala mnunuzi. Lipia miaka miwili au mitatu pamoja wakati wa kaskazi, mkono ukiwa na kitu. Ushauri huu hutausikia Nairobi, lakini hapa ndio unaookoa watu.

Cha pili ni hosti. Hiki ni chumba cha kupanga: nafasi kwenye kompyuta ya mtu, inayoitwa seva, ambayo haizimwi usiku wala mchana ili tovuti yako ifunguke saa yoyote. Ukichoshwa na mwenye chumba, unahama. Jina likiwa lako, unalielekeza kwenye seva mpya, na baada ya saa chache wageni wanaingia kule bila kujua kuwa umehama. Zaidi ya hapo sina la kukueleza kuhusu hosti. Kwa tovuti ndogo ya vyumba vitano, ya bei nafuu inatosha.

Cha tatu ndiyo tovuti yenyewe: maandishi na picha vinavyoonekana mtu akifungua, pamoja na msimbo, yaani maagizo ya kompyuta yanayovipanga. Hivi ni mafaili, na mafaili yana nakala. Mwombe fundi nakala kamili siku anapokukabidhi kazi, uiweke mahali pasipohusiana na ile seva. Uzito wa picha nao uangalie. Picha moja kutoka kwenye simu nzuri inaweza kufika megabaiti 5. Ukipanga kumi kwenye ukurasa mmoja, umemlazimisha mteja kula megabaiti 50 za bando lake kabla hajaona bei. Zipunguze mpaka kilobaiti 200 hivi kila moja; kwenye kioo cha simu hataona tofauti, na ukurasa utafunguka hata kwa aliye Faza au Kiunga.

Kuna watu huchanganya tovuti na intaneti. Intaneti ndiyo njia, mtandao wa kompyuta zilizounganishwa duniani kwa nyaya na mawimbi. Wavuti, yaani kurasa tunazozifungua, ni kitu kimoja tu kinachopita katika njia hiyo. Tim Berners-Lee aliipendekeza mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Uswisi, na mwaka 1993 CERN ikaiachia dunia itumie bila malipo. WhatsApp na barua pepe zinapita njia hiyohiyo bila kuwa kurasa za wavuti. Hilo ni la kujua tu, halikupotezei fedha.

Yanayopoteza fedha ni maneno ya hesabu. Mtu atakuja akuambie, "Tovuti yako imepata hiti elfu kumi mwezi huu." Muulize hiti ni nini. Kila faili linaloombwa kwenye seva ni hiti moja. Ukurasa wenye picha 20 ukifunguliwa mara moja na mtu mmoja, hizo ni hiti 21 au zaidi. Wewe uliza wageni, yaani watu tofauti walioingia. Kisha uliza kubwa kuliko hilo: wangapi wameandika kuulizia, na wangapi wamelipa?

Kwenye matangazo maneno hayo ndiyo bei yenyewe. Kuna tangazo unalolipia kwa kuonyeshwa, likihesabiwa kwa kila mara elfu, mtu alitazame asilitazame. Kuna unalolipia kwa mbofyo, mtu anapoligusa. Tuchukue mfano. Umetoa Sh 3,000, umepata mibofyo 150, kila mmoja Sh 20. Inaonekana rahisi. Kati ya hao 150, watatu wameulizia na mmoja amelala siku mbili kwa Sh 4,000 kwa siku. Umepata Sh 8,000, na kumpata mgeni yule kumekugharimu Sh 3,000. Angekuja kupitia wakala wa mtandaoni anayekata kamisheni ya asilimia 15, ungekatwa Sh 1,200. Nasema haya kwa sababu hapa kwetu mawakala wanalaumiwa kila barazani, na ni kweli kamisheni inauma, lakini wakala hulipwa mgeni akija. Tangazo linalipwa hata nyumba ikibaki tupu. Piga hesabu yako kabla ya kuchagua, na mgeni aliyekuja kwa wakala mpe kadi yenye domeni yako ili safari ya pili aje moja kwa moja.

Utasikia pia SEO. Maana yake ni kuiweka tovuti vizuri ili injini ya utafutaji, kama Google, iielewe na kuionyesha mapema. Injini hizo zina programu zinazotembea kutoka kiungo hadi kiungo zikisoma kurasa. Wenyewe huziita buibui. Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, wazo lao kubwa lilikuwa kukihesabu kila kiungo kama ushahidi: ukurasa unaotajwa na wengi una uzito, na ukitajwa na ukurasa wenye uzito, unazidi. Vipimo vimeongezeka sana tangu hapo, lakini viungo bado vina maana. Kwa hiyo akija mtu kukuuzia viungo elfu moja, mkatalie. Google inakataza biashara hiyo na inaweza kukushusha. Kiungo kimoja kutoka kwa mwandishi wa safari aliyelala kwako kina thamani kuliko hivyo vyote. Na andika kwa maneno ambayo mteja anayatafuta. Mshona kofia mmoja alikuwa ameandika ukurasa mzima kuhusu "bidhaa bora za kitamaduni", na neno kofia halikuwemo hata mara moja! Tukaandika kofia, tukaandika kuwa zinatobolewa na kushonwa kwa mkono, tukaeleza kofia moja inachukua muda gani na namna ya kupima kichwa. Hapo ndipo alipoanza kuulizwa.

Vidakuzi ni vijifaili ambavyo tovuti huacha kwenye kivinjari cha mtu ili imkumbuke akirudi. Vilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa Netscape, kampuni iliyotengeneza kivinjari. Kama vyako vinamfuatilia mgeni, mwambie na umwombe ridhaa. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na wenye nyumba za wageni mnapokea pasipoti za watu. Picha ya pasipoti ya mgeni isizunguke kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi.

Limebaki la kusoma anwani. Kufuli na herufi https maana yake ni kwamba mazungumzo yako na tovuti hiyo yamefichwa, mtu wa katikati hawezi kuyasoma. Havisemi kwamba aliye upande wa pili ni mwaminifu. Tapeli naye anapata kufuli, tena bure. Atakayekuambia ukweli ni jina, na jina husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama tulivyosoma Kurani chuoni. Baada ya https na mikwaju yake miwili (//), tafuta mkwaju wa kwanza unaofuata, simama hapo, kisha rudi nyuma. Chukua benki-yako.co.ke.example.com/lipa. Anayesoma kutoka kushoto ataona benki yake na kutulia. Anayesoma kutoka kulia ataanza na com, kisha example, na huyo ndiye mwenye mlango. Yaliyo kushoto mwenye jina anaweza kuyaandika apendavyo. (Nimetumia example.com kwa sababu imetengwa kwa ajili ya mifano.) Vivyo hivyo, ukurasa unaodai ni wa serikali ya Kenya na jina lake haliishii .go.ke, usiuandikie namba yako ya kitambulisho kabla hujahakikisha.

Ami yangu sasa ana jina jipya la .co.ke, limesajiliwa kwa jina lake, kwa barua pepe yake, na limelipiwa miaka mitatu kuanzia Desemba. Mwezi uliopita alipokea barua nzuri, yenye nembo, ikimwambia domeni yake inaisha keshokutwa na alipe kwa kiungo kilichomo. Alivaa miwani, akaisoma anwani kutoka kulia. Kisha akanitumia picha ya kioo cha simu yake, na chini yake ameandika maneno mawili: "Si wao."