Damu ya O yaisha, ya AB yatupwa

SWALI: Katika benki ya damu ya hospitali yetu tunatupa mifuko ya AB iliyopitwa na muda, na wiki hiyo hiyo O inatuishia. Nasikia kompyuta inaweza kuiga mwenendo wa akiba kabla hatujabadilisha utaratibu. Nianzie wapi? – Msomaji, Eastlands, Nairobi

JIBU: Anzia kwenye daftari la maombi, ndugu msomaji, si la utoaji. La utoaji halimwonyeshi mgonjwa aliyeombewa mifuko 3 akapata 1, kwa hiyo kompyuta itaona mambo shwari. Chukua mwaka mzima: sehemu kubwa ya wachangiaji wetu ni wanafunzi, na shule zikifungwa akiba hushuka.

Kwenye lahajedwali, mstari mmoja uwe siku moja. Ongeza umri wa kila mfuko. Ondoa uliofikisha siku 35 (42 ukiwa na SAGM, maji ya kuhifadhi chembe nyekundu). Ingiza mipya iliyokwisha kupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Chagua kwa bahati nasibu maombi ya siku moja ya mwezi uleule. Kisha toa mkongwe kwanza. Wastani usiutumie kabisa. Maombi ya mifuko 6 kwa wastani huwa 2 leo na 15 kesho, na hiyo siku ya 15 ndiyo inayoua. Rudia mwaka huo mara 200.

Kwanza iga utaratibu wenu wa sasa. Hesabu ya mifuko iliyoharibika isipokaribiana na ya kweli, mara nyingi umesahau damu iliyotengwa kwa wagonjwa wa upasuaji. Tuseme kila siku mnatenga 10 na kutumia 4: mkiishikilia siku 3, mifuko 18 imefungiwa, mkiirudisha baada ya siku 1, ni 6 tu. Badiliko hili halihitaji hata mchangiaji mmoja zaidi, nasi tungelijaribu kabla ya lolote.

Halafu shusha akiba ya AB hadi mifuko 2. Mgonjwa wa AB hupokea chembe nyekundu zilizotenganishwa za A au B. Andika pia kila O inayopewa asiye O. Hapo ndipo O huvujia.

Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zinataka mwigo wake: huishi siku 5, nyuzi 20 hadi 24, zikitikiswa, vipimo vikichukua 2, zimebaki 3. Na damu iliyokwisha kupoozwa kwenye barafu usiihesabu, haitoi tena chembe sahani.