Viti maalum hugawanywaje, na mbunge wake ana mipaka gani?

SWALI: Mimi ni diwani wa viti maalum, na wenzangu wananihimiza niwanie ubunge kwa njia hiyo hiyo. Naomba kufahamu viti hivyo hugawanywaje kati ya vyama, na kama mbunge wa viti maalum ana hadhi sawa na mbunge wa jimbo.

JIBU: Mheshimiwa Diwani, nashukuru kwa swali lako. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika Ibara ya 66, inataka wabunge wanawake wa viti maalum wasipungue asilimia 30 ya wabunge wa aina nyingine zote, na katika uchaguzi wa 2015 na wa 2020 viti hivyo vilikuwa 113. Ibara ya 78 inavigawa kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura zote halali za ubunge, kila chama kwa uwiano wa kura zake.

Chukua mfano wa kubuni: vyama vitatu vimevuka kiwango hicho, cha kwanza kikiwa na kura milioni 6, cha pili milioni 3 na cha tatu milioni 1. Ukigawa kura hizo milioni 10 kwa viti 113, kila kiti kinabeba takriban kura 88,500, hivyo vyama hivyo vitapata viti 68, 34 na 11. Chama chenye asilimia 4 hakipati hata kimoja, hata kama kimeshinda majimbo kadhaa.

Mwananchi, basi, anakipigia kura chama, wala si wewe. Jina lako hupanda au hushuka katika orodha ambayo chama hupeleka Tume ya Uchaguzi, na kwa CCM orodha hiyo huanzia kwenye kura za maoni za Umoja wa Wanawake. Niliwahi kushuhudia kura za namna hiyo zikihesabiwa mkoani: karatasi zilimwagwa mezani, majina yakasomwa moja moja, vijistari vikachorwa ubaoni, na ilipofika jioni wajumbe wa ukumbi mmoja walikuwa wamekwisha kuamua nani ataingia Bungeni kwa miaka mitano. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye udhaifu mkubwa wa utaratibu huu, kwa sababu mbunge hujikuta akiwajibika kwa wajumbe kuliko kwa wanawake anaowawakilisha.

Ndani ya ukumbi wa Bunge hakuna tofauti: utauliza maswali, utachangia miswada, utapiga kura na hata kuteuliwa kuwa waziri. Tofauti ziko kwingine. Ibara ya 51 inamtaka Waziri Mkuu atoke miongoni mwa wabunge wa majimbo, na Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, uko chini ya uenyekiti wa mbunge wa jimbo. Akina mama wa kijijini wakikuomba mabati ya zahanati, huna mfuko wa kuchota. Itakubidi umwombe mwenzako wa jimbo.

Ukipoteza uanachama wa chama chako, Ibara ya 71 inakuondolea ubunge kama inavyomwondolea mbunge wa jimbo. Yeye, hata hivyo, anaweza kurudi kwa wapiga kura katika uchaguzi mdogo kupitia chama kingine. Wewe huna uchaguzi mdogo, kwani Tume, baada ya kushauriana na chama, hujaza nafasi kutoka katika orodha ile ile.

Ushauri wangu ni kwamba uwanie, lakini siku utakayoapishwa uwe tayari umekwisha kuchagua jimbo utakalogombea baadaye. Rais Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar mwaka 2000 kwa viti maalum, na mwaka 2010 akachaguliwa mbunge wa jimbo la Makunduchi. Anza na kata yako ya sasa, ambako wananchi tayari wanakufahamu kwa jina.