Kope la chini la mzee limepinduka nje

Pole kwa kumuuguza mzee, dada. Umesema kope lake la chini limelegea na kupinduka nje, machozi yanamtiririka kutwa, na jirani yenu hapo Kongwa anasema ni vikope, yaani trakoma, ule ugonjwa wa macho wa kuambukiza. Sidhani. Vikope hushika zaidi kope la juu, na nywele zake hupindia ndani zikakwangua kioo cha jicho. Kwa mtu wa miaka 76, kope la chini likining'inia hivyo, mara nyingi ni kano za pembeni zimelegea kwa umri. Kile kitundu cha kupitishia machozi, karibu na pua, hakigusi tena jicho, ndiyo maana yanaishia shavuni.

Asifute kwa kuvuta chini, anazidi kulilegeza. Afute kuelekea juu, upande wa pua. Na kwa upepo huu wa Dodoma na vumbi lake, miwani ni lazima.

Dawa za matone humtuliza tu; tiba yenyewe ni upasuaji, tena si wa kutisha. Anachomwa ganzi, daktari anafupisha kope upande wa sikio na kulishonea kwenye utando wa mfupa. Kwa kawaida hurudi nyumbani siku hiyohiyo, uvimbe ukimkaa wiki mbili hivi. Kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama aspirini au warfarini, aseme mapema, wala asiziache kwa uamuzi wake.

Mpeleke kliniki ya macho, hospitali ya Mvumi au ile ya rufaa ya mkoa. Jicho likianza kuuma au kuona ukungu, au uso ukipinda upande mmoja, msingoje tarehe ya kliniki.