Ukifungiwa nje ya tovuti unayoisimamia

Ukikabidhiwa tovuti ya shule, kanisa au duka la mtu, iko siku utaandika neno la siri lile lile la kila siku na WordPress, programu inayoendesha tovuti hiyo, itakukatalia. Utarudia, itakataa tena, na ukiendelea kidogo plagini ya ulinzi (programu ndogo ya nyongeza ndani ya WordPress) itakufungia kabisa. Wengi wanaoanza kazi hii huendelea kubahatisha. Acha mara moja. Kubahatisha hakukuonyeshi tatizo liko wapi, na plagini nyingine huongeza muda wa adhabu kila unapokosea.

Jiulize kwanza kilichofungwa ni kipi. Ukurasa wa kuingilia ni mlango wa juu tu. Chini yake kuna mafaili na hifadhidata (database), chini ya hivyo kuna akaunti kwenye kampuni inayohifadhi tovuti, na chini kabisa kuna domeini, yaani jina la tovuti. Mwenye funguo za chini mara nyingi hufungua za juu. Kwa hiyo kama bado unaingia cPanel, yaani ukurasa wa kusimamia akaunti hiyo ya hifadhi, hakuna msiba. Mwambie hivyo na bosi, maana simu zake za kila dakika ndizo zitakazokufanya ufute kitu ambacho hakikuwa na kosa.

Kama ujumbe unasema umezuiwa, na si kwamba neno la siri si sahihi, toka kwenye Wi-Fi ya ofisi ujaribu kwa bando la simu, au kwa laini ya mtandao mwingine. Plagini hizi mara nyingi huzuia anwani ya IP, yaani namba ya mtandao unaotumia, hazikujui wewe ni nani. Na mitandao ya simu huwapa wateja wengi anwani moja kwa pamoja, kwa hiyo unaweza kubeba adhabu ya mtu usiyemjua kabisa.

Kuomba neno jipya kwa barua pepe, jaribu, ila usikae nusu siku ukisubiri. Barua inayotumwa na seva ya tovuti yenyewe huishia kwenye spamu mara nyingi, au isifike. Tena anwani iliyoandikwa mle huwa ya mtu aliyeshaacha kazi.

Ikiwa plagini ndiyo iliyokufungia, ingia kwenye mafaili kupitia cPanel, fungua folda ya wp-content, halafu plugins, kisha ubadilishe jina la folda ya plagini hiyo moja. WordPress isipoikuta, haiiwashi. Usibadilishe jina la folda nzima ya plugins kama tovuti inauza bidhaa, la sivyo umefunga duka mchana kweupe. Ukishaingia na kuirudishia jina, iwashe tena, na hapo hapo uiondoe anwani yako kwenye orodha ya waliozuiwa. Orodha hiyo hukaa kwenye hifadhidata na haikufutika.

Neno la siri likiwa ndilo limepotea, dawa iko phpMyAdmin, zana ya kufungulia hifadhidata iliyomo ndani ya cPanel. Hapa usiende haraka. Jina la hifadhidata lisome kwenye faili la wp-config.php, mstari wa DB_NAME. Usikisie, maana akaunti moja inaweza kuwa na hifadhidata kadhaa zenye majina yanayofanana. Pakua nakala yake kabla ya kugusa chochote. Fungua jedwali la wp_users (mwanzo wa jina unaweza kuwa tofauti, tazama $table_prefix kwenye faili lile lile), kisha uhariri mstari wako. Kwenye user_pass utakuta herufi ndefu zisizosomeka. Zifute, andika neno jipya, na kwenye kisanduku cha Function kilicho pembeni chagua MD5, njia ya kulifumba neno lisisomeke, kabla ya kuhifadhi. Ukisahau MD5, neno litabaki wazi kama ulivyoliandika, WordPress italikataa, nawe utadhani njia nzima haifai. MD5 ni dhaifu, kwa hiyo ingia muda huo huo: WordPress yenyewe italifumba upya neno hilo hilo kwa njia imara zaidi. Kabla hujatoka phpMyAdmin, tazama na user_email, uirekebishe kama ni ya zamani.

Sasa, kama hukusahau neno na hakuna mwenzako aliyelibadilisha, basi huenda kuna mtu ameingia. Angalia orodha ya watumiaji wenye cheo cha admini. Jina usilolijua lifute kwanza, ndipo ubadilishe zile funguo za siri ndani ya wp-config.php, kuanzia ile ya AUTH_KEY. Hilo huwatoa wote waliomo, nawe ukiwemo. Ukianza na funguo, mgeni ataingia tena kwa akaunti yake.

Kufungiwa kunakotisha kweli ni kule ambako domeini na hifadhi vimesajiliwa kwa barua pepe binafsi ya fundi aliyeijenga tovuti, na fundi hapokei simu. phpMyAdmin haikusaidii hapo. Utarudi kwa wakala aliyeuza domeini ukiwa na barua ya ofisi, nakala ya usajili wa kampuni na risiti za malipo, na bado utasubiri. Kwa hiyo wiki yako ya kwanza kazini, kabla hata ya kubadilisha picha moja, tafuta domeini kwenye whois, huduma ya mtandaoni ya kuangalia usajili wa domeini, uone wakala ni nani na inaisha lini. Kisha muulize fundi, kwa maandishi, akaunti imesajiliwa kwa barua pepe ipi, na umwombe aihamishie kwenye anwani ya ofisi wakati bado mnasalimiana.