Maswali ya wasomaji: Mzee ana kansa ya koo la chakula, apasuliwe au apigwe mionzi?

SWALI: Shikamoo dokta. Naandika kutoka Rombo, mimi ndio binti wa kwanza kwetu. Baba ana miaka 63. Toka mwezi wa tano alikuwa analalamika ugali unakwama kifuani, tukajua ni vidonda vya tumbo, akanywa dawa za vidonda karibu miezi mitatu, saa hizi hata mtori mama anauchuja kwa kitambaa ndio upite na anaunywa kwa kijiko cha chai huku anajipigapiga kifua. Hospitali wakampitisha kamera wakachukua kinyama, majibu ni kansa ya koo la chakula, iko katikati ya kifua. Siti skani inaonyesha ini na mapafu viko safi ila kuna tezi mbili za jirani zimevimba. Daktari wa upasuaji anasema aanze mionzi na kemo, zile dawa za kuua kansa, halafu ndio operesheni. Baba mdogo kagoma kabisa, anasema kansa ikiguswa na kisu inasambaa, kuna jirani alipasuliwa hakumaliza mwezi. Kaka naye kasoma kwamba Ulaya siku hizi wengine hawapasuliwi tena. Baba mwenyewe ananiuliza kitu kimoja tu, kama atakuja kula ndizi na nyama. Tuchague lipi?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana na kuuguza. Naona hapo nyumbani mshagawanyika, wa kisu huku wa mionzi kule, sasa nianze na hilo. Kwa hatua aliyofikia mzee hivi vitu viwili havishindani, vinafuatana. Kansa ikishafika kwenye tezi za jirani lakini haijaenda mbali, kutanguliza mionzi na kemo halafu operesheni ndio njia inayotumika sana, na sababu yake ipo. Waholanzi walitoa utafiti wao 2012 unaitwa CROSS, wagonjwa waliopasuliwa moja kwa moja nusu yao walivuka miezi 24, waliotanguliziwa mionzi na kemo nusu yao walivuka miezi 49. Na kansa ya koo inayowapata watu wa huku kwetu mara nyingi ni ile ya seli bapa, madaktari wanaiita skwamasi, hiyo ndio inayosikia mionzi zaidi, karibu nusu ya wenye aina hiyo kile kipande kilivyotolewa na kupimwa hakikukutwa na kansa iliyo hai. Kwa hiyo angalia karatasi ya kinyama imeandika aina gani, maana jibu langu lote linategemea hapo.

Kaka yako hajadanganywa. Hao hao Waholanzi wakajiuliza, kama mionzi imeshamaliza kazi tunampasua huyu mtu kwa nini? Wakafanya utafiti mwingine, SANO, matokeo yakatoka 2025: baada ya miaka miwili waliosubiri wakiangaliwa walikuwa hai 74 katika kila 100, waliopasuliwa 71, yaani hawakuachana. Ila muulize kaka kama alisoma mpaka mwisho. Waliosubiri ni wale tu ambao vipimo baada ya mionzi havikuona kitu, na walikuwa wanarudishwa kila baada ya miezi michache, kamera, vinyama, skani, na bado karibu nusu yao uvimbe ulirudi palepale. Hao uvimbe uliowarudia, waliookolewa ni kwa sababu uvimbe uligundulika mapema wakapasuliwa. Sasa wewe jiulize kwa ukweli kabisa, nauli ipo, bima inalipa, na mzee akishapata nafuu akaanza kula vizuri atakubali kurudi kupigwa kamera kila miezi mitatu? Kama jibu ni hapana basi kwenu huo mpango haupo, msijidanganye.

Baba mdogo nae nisimpuuze. Kisu hakisambazi kansa, hilo mwambie nimesema mimi. Kinachotokea ni kwamba mtu anafika ameshachelewa, imeshasambaa, anapasuliwa, anafariki, lawama inabaki kwenye kisu. Lakini akisema operesheni hii ni nzito, hapo yuko sahihi. Wanaondoa sehemu kubwa ya koo la chakula, tumbo lenyewe linashonwa kama mrija na kuvutwa juu kuunganishwa na kipande kilichobaki. Ni masaa mengi, kifua kinaguswa, na hatari kubwa mbili ni pale palipounganishwa kuvuja na mapafu kupata nimonia. Kwenye utafiti mmoja wa Ufaransa wa 2007, wagonjwa ambao mionzi na kemo vilikuwa vimewasaidia waligawanywa, waliopasuliwa walifariki kama 9 katika 100 ndani ya miezi mitatu, walioendelea na mionzi na kemo hakufika hata mmoja katika 100, na baada ya miaka miwili makundi yote yalikuwa karibu sawa. Wasiopasuliwa ndio koo lilikuwa linaziba tena mara nyingi zaidi. Kwa hiyo muulizeni daktari bila woga, operesheni hii hapa mnafanya ngapi kwa mwaka na wangapi wanatoka wodini wakiwa hai? Hospitali inayofanya moja moja kwa mwaka mimi nisingempeleka baba yangu.

Ushauri wangu kwa maelezo haya: anzeni mionzi na kemo sasa, mwezi huu, na operesheni muiamue tena wiki kadhaa baada ya kumaliza, mkiwa na kamera mpya na skani mpya mkononi. Mapafu yakiwa mabovu au moyo ukiwa mbovu, waambieni wampe mionzi na kemo ya dozi kamili ya mtu asiyepasuliwa, hiyo nayo ni tiba ya kuponya, sio ya kumsindikiza.

Lakini kabla ya yote hayo ni chakula, na hapa ndipo nimeona wazee wengi wakipotea. Mpimeni uzito kesho. Mtu anayekunywa mtori kwa kijiko cha chai hawezi kustahimili mionzi wala kisu, ombeni mrija wa kumlishia mapema. Mkiambiwa awekewe stenti, ile springi ya kufungua koo, ulizeni kwanza kama bado anapangiwa operesheni, maana stenti ni msaada mkubwa kwa ambaye kansa imeshasambaa, pale hospitali ya Tenwek kule Bomet, Kenya, wameweka zaidi ya elfu, ila kwa anayekwenda kupasuliwa mara nyingi inaharibu mpango.

Mionzi pengine mtapangiwa Ocean Road, Dar, au Bugando. Ni kama wiki tano, Jumatatu mpaka Ijumaa, kwa hiyo tafuteni ndugu wa kufikia. Mjomba wangu alichorwa mistari ya kalamu kifuani ya kuelekezea mashine, shangazi kwa usafi wake akaisugua yote na dodoki usiku ule, ikabidi wapimwe upya na siku zikapotea. Msiisugue. Halafu wiki ya tatu au ya nne koo litauma kuliko mwanzo, hata mate yatamshinda, atasema mionzi inamuua anataka kurudi nyumbani. Hapo ndipo wengi wanaacha. Ni koo limeungua, linapona wiki chache baada ya kumaliza, aombe dawa ya maumivu ya nguvu na abaki. Na mbege na sigara aache leo.

Kuhusu ndizi na nyama. Mwambie mionzi ikikubali ndizi zitapita, nyama ilainishwe sana, na wengine wanarudi kula karibu kila kitu. Akipasuliwa atakula kidogo kidogo mara sita kwa siku, hatalala mara baada ya kula, na usiku ataweka mito miwili. Sahani aliyozoea ya kujaa haitarudi, lakini atakaa mezani na nyie.